Kisanduku cha nne kwanza

Daftari langu ni kaunta buku ya kawaida yenye jalada gumu, ile ile ambayo wazazi hununua kwa mafungu shule zinapofunguliwa Januari. Kalamu ni peni ya buluu ya dukani kwa Mangi. Kila usiku, vyombo vikishaoshwa na watoto wakishaingia kitandani, nafuta meza ya chakula na kuchora ukurasa mmoja: visanduku vinne, viwili juu na viwili chini, kisa kimoja cha siku hiyo. Miaka imepita sasa, na madaftari yamejaza sanduku la bati lililoko uvunguni. Sijasomea uchoraji. Mchana nauza vifaa vya ujenzi Buguruni, yaani nondo, misumari, rangi, vitasa na mabomba. Jioni napanda daladala kurudi Gongo la Mboto. Humo ndimo zinamotoka katuni zangu, na hakuna hata moja yenye mtu anayeruka angani.

Wanaoliona daftari karibu wote huuliza swali moja: muda unautoa wapi? Muda haujawahi kunisumbua. Ukurasa mmoja unachukua nusu saa, na siku ya uchovu robo saa inatosha, vichwa vinakuwa viduara na miguu inakuwa vijiti, basi. Kinachosumbua ni kujua siku imekuletea nini. Mimi nilihangaika hapo kwa muda mrefu, na nilipokuja kutoka nikagundua kwamba masikio yangu yana kazi kubwa kwenye katuni kuliko macho.

Ugonjwa wa katuni niliupata utotoni Morogoro, kwenye benchi la kinyozi. Alikuwa na rundo la magazeti ya Sani, mengine yamenyofoka jalada, na humo walikuwamo Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge. Zamu yangu ya kunyolewa ikifika nilikuwa namwambia aliye nyuma yangu atangulie ili nimalize ukurasa. Baba hakuelewa kamwe kwa nini kichwa kimoja kinanyolewa asubuhi nzima. Wazee wa pale kijiweni walikuwa na wao, Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru tangu 1967, na kwa baadhi yao kila katuni ilikuwa Chakubanga tu, hata iwe imechorwa na nani. Baadaye nikaja kumjua Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1969 aliyekwenda Nairobi kuchora kwenye gazeti la Nation kuanzia 1992. Nikamjua na Edward Gitau, ambaye Juha Kalulu wake aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi.

Kwa hao wote nilichokionea wivu ni ile kulazimika. Gazeti halimngoji mchoraji apate wazo. Mhariri anataka mchoro jioni hii, uwe mzuri uwe mbaya, na kesho anataka mwingine. Mimi sina mhariri, wala hakuna anayenilipa. Niliposoma mtandaoni kwamba Mmarekani mmoja wa Vermont, James Kochalka, alichora maisha yake mwenyewe siku baada ya siku kuanzia 1998 mpaka 2012, akijichora kama kijitu chenye masikio yaliyochongoka, nilijiuliza mambo yote hayo aliyatoa wapi. Mtu na mke wake, watoto, paka. Nikasema kama Vermont kuna visa vya miaka yote hiyo, Gongo la Mboto haitashindwa.

Daftari la kwanza lilijaa matukio. Kisanduku cha kwanza naamka, cha pili daladala imejaa, cha tatu dukani kuna wateja, cha nne narudi nimechoka. Kesho yake hivyo hivyo, ila mvua imenyesha. Nikawa nangoja mambo makubwa, ajali, ugomvi, mafuriko. Mambo makubwa nayo yalipokuja hayakuchoreka. Siku mvua ilipofunga barabara pale Jangwani na nusu ya mji ikasimama, nilichora maji tu. Visanduku vinne vya maji.

Aliyenitoa hapo ni mwalimu ambaye hatujawahi kuonana. Lynda Barry, mchora katuni anayefundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, huwapa wanafunzi wake zoezi la kuugawa ukurasa wa daftari: sehemu moja waandike waliyoyafanya siku hiyo, nyingine waliyoyaona, nyingine maneno waliyomsikia mtu akisema, na iliyobaki wachore. Nikaanza kufanya hivyo kwenye ukurasa wa kushoto, kabla ya kuigusa katuni ya ukurasa wa kulia. Baada ya wiki chache jambo likajionyesha lenyewe. Sehemu ya niliyoyafanya ilijirudia mpaka nikawa naandika "kama jana". Ya niliyoyaona ilikuwa nafuu kidogo. Lakini sehemu ya niliyoyasikia haikujirudia hata siku moja.

Konda mmoja, gari limejaa hadi mlangoni, anamwambia mama mwenye ndoo: "Ingia mama, nafasi ipo, tatizo lako unataka kukaa." Mama lishe wa nyuma ya duka letu, saa nane mchana: "Nyama imeisha baba, umebaki mchuzi unaoikumbuka nyama." Mtoto wa jirani, amekutwa njiani saa mbili asubuhi na sare yake: "Sijachelewa, shule ndiyo imewahi." Sentensi hizi sikuzitunga. Zilikuwa zinanipita kila siku huku mimi nangoja mafuriko.

Tangu hapo jioni sijiulizi tena leo kumetokea nini. Najiuliza leo nani kasema nini. Kukiwa na sentensi moja nzuri, katuni ipo. Kukiwa na tukio zuri lisilo na sentensi, mara nyingi katuni haipo, labda mchoro tu. Najua wapo wanaochora visa bila neno hata moja na vikapendeza. Nawaheshimu. Ila mimi nipo mji ambao mtu akikanyagwa mguu anajibu kabla ya kusikia maumivu, na kuyaacha majibu hayo yapotee naona ni dhambi.

Lakini kusikia nako kuna ufundi wake. Sentensi haikai kichwani mpaka usiku. Kinachobaki ni maana, na maana haichekeshi. Jaribu kumweleza mtu kwamba konda alisema gari lina nafasi ya kusimama. Umepata habari, kichekesho kimekufa. Uhai wake wote upo kwenye "tatizo lako", na neno hilo ndilo la kwanza kusahaulika. Kwa hiyo naandika pale pale, nyuma ya nakala ya risiti, kama lilivyosemwa, na kigugumizi chake na "yaani" zake. Bosi wangu aliwahi kuniuliza ni deni la nani hilo ninaloliandika kila mara. Nikamwambia ni kumbukumbu. Akaniangalia, akaenda zake kuhesabu mabati.

Sasa nikueleze ukurasa mmoja unavyotengenezwa, nao ni huu ninaoupenda kuliko mingine yote.

Anaingia fundi, mteja wetu wa siku nyingi, kofia imegeuzwa nyuma. Anainama juu ya kaunta, sauti ya chini: "Kaka, tajiri wangu anapaki gari nje. Kitasa shilingi ngapi?" Namjibu: "Elfu ishirini na tano." Anageuka kuangalia mlangoni, ananirudia, anasema polepole, anavyoongea mwalimu na mtoto mzito: "Hapana. Kitasa shilingi ngapi?"

Aliyewahi kujenga anajua kilichokuwa kinaombwa hapo. Cha juu, yaani nitaje bei iliyopandishwa mbele ya tajiri ili ziada iwe yake fundi. Nilichomjibu sitakisema, kwa sababu bosi wangu naye anasoma mtandaoni.

Usiku ule nilikaa na sentensi moja tu, "Hapana. Kitasa shilingi ngapi?" Nikaiandika moja kwa moja kwenye kisanduku cha nne, visanduku vingine vikiwa vitupu. Ndivyo ninavyofanya kila siku. Mwisho naujua, kilichobaki ni kutafuta njia fupi ya kuufikia. Hapa njia ilikuwa wazi: swali la kwanza, jibu la kweli, swali lile lile tena. Visanduku vitatu vimetosha, kumbe nina kimoja cha ziada. Nikakipa ukimya. Fundi anaingia, anaangalia nyuma, hasemi neno. Bila kisanduku hicho cha kwanza msomaji haoni kwamba fundi ana haraka.

Halafu kuna lile gari. Mlango wa duka letu ni mpana, na kwa mlangoni barabara inaonekana. Katika kisanduku cha kwanza nilichora gari dogo kwa mbali, linarudi nyuma kutafuta nafasi. Cha pili limesimama. Cha tatu mlango wake umefunguka. Cha nne kiatu kimekanyaga chini, kiatu tu, kilichong'aa, suruali yenye pasi. Tajiri hana sentensi hata moja na uso wake hauonekani, lakini yeye ndiye anayefanya swali la pili la fundi liwe la dharura. Wazo hilo la gari sikuwa nalo wakati naanza. Lilikuja kwa sababu visanduku vitatu vilikuwa na mtu yule yule, kaunta ile ile, na mkono ulichoka kuchora ukuta.

Kuanzia kisanduku cha nne kuna sababu nyingine isiyo na uhusiano wowote na sanaa. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Shuleni mkono huo ulichapwa kwa rula mpaka nikajifunza kuandikia wa kulia. Kuchora hakuna aliyekuwa anakagua, kwa hiyo kushoto kukabaki. Mpaka leo naandika kwa mkono wa kulia na kuchora kwa wa kushoto, peni inahama katikati ya ukurasa, na wageni wakiniona wanadhani nafanya maonyesho. Basi anayechora kwa kushoto akianza upande wa kushoto, kiganja chake kinapita juu ya kila alichokwisha kukichora. Dar es Salaam ya Februari, feni haipo au umeme umekatika, jasho linashuka mpaka kwenye kifundo cha mkono, ukurasa unageuka bluu nzima. Nikaanza kuchora nikitokea kulia kwenda kushoto. Chini ya kiganja naweka kipande cha karatasi ya khaki kutoka mfuko wa saruji. Peni za jeli nilizijaribu, weusi wake mzuri kweli, ila tone moja la jasho linatosha kumpa mtu ndevu ambazo hana. Peni ya kawaida inavumilia. Tena ukiikandamiza inakoza, ukiilegeza inafifia, na hivyo inakupa vivuli bila kununua kalamu ya pili. Ubaya wake ni kwamba ukikandamiza inachimba ukurasa wa nyuma, ndiyo maana upande ule mwingine wa karatasi nimeuachia orodha.

Maneno huandikwa kwanza, puto linazungushwa baadaye. Hili ningependa kila anayeanza aambiwe siku ya kwanza. Ukitangulia kuchora puto, maneno hayatoshi, na herufi za mwisho zinabanana ukutani. Na kwa Kiswahili tabu ni kubwa zaidi, maana neno kama "hatukukubaliana" peke yake linamaliza upana wa kisanduku chembamba, na ukilikata katikati sauti inavunjika. Nilianza na visanduku vinne vya safu moja kama vya magazetini, nikashindwa, nikaja kwenye viwili kwa viwili ambavyo vina upana. Mistari ya kaunta buku, ambayo wachoraji wengine wanaikimbia, kwangu imekuwa msaada kwa sababu herufi zinanyooka bila rula. Na anayeongea kwanza nampa upande wa kushoto, tangu kisanduku cha kwanza hadi cha mwisho. Fundi angekaa kulia, jibu langu lingesomwa kabla ya swali lake.

Daladala ndiyo ilinipa shida ndefu kuliko vyote. Gari moja la Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni lina watu ambao hata kamera haiwamalizi, sembuse peni ndani ya kisanduku kinachofunikwa na kiganja. Nilikuwa nachora vichwa, vichwa, vichwa, mpaka picha inakuwa gunia la viazi. Dawa nimeipata ndani ya gari lenyewe, nimesimama, sioni chochote isipokuwa mikono iliyoshika bomba. Mkono wenye saa, mkono wenye hina, mkono wenye mfuko wa nyanya, mkono wa mtoto usiofika. Sasa nachora bomba na mikono sita au saba na gari limejaa. Uso anaupata yule anayesema tu. Kanuni hiyo nimeipeleka mpaka dukani na nyumbani: mwenye neno ndiye mwenye uso, wengine ni migongo, viwiko na kofia. Imeniokolea muda na pia imeniokoa na kesi, kwa sababu mgongo haumdai mtu.

Kesi zipo. Ukichora watu walio hai wanaokujua, lazima kuwe na makubaliano. Mke wangu aliweka masharti mapema: asichorwe akiwa amejifunga kanga kifuani, na nywele zake ziwe zimesukwa. Kwa hiyo katika katuni zangu mama watoto anaosha vyombo, anafukuza kuku, anaamka saa kumi alfajiri, yote hayo akiwa na nywele za kwenda harusini. Shemeji zake wanacheka. Yeye anaona ni haki yake, na mimi naona hivyo pia, kwa sababu sentensi zangu nzuri kuliko zote ni zake na sijawahi kumlipa.

Yule fundi naye alijikuta. Nilikuwa nimeweka ule ukurasa kwenye status ya WhatsApp, na ingawa sikuandika jina, kofia ilijieleza. Akaja dukani asubuhi. Nilijiandaa kuomba radhi. Akaegemea kaunta, akaniuliza kwa sauti ile ile ya chini kama naweza kumtumia iliyo safi zaidi, kwa sababu ile aliyonayo imetumiwa mara nyingi mpaka haisomeki. Kumbe mafundi wa Buguruni walikuwa wameshaisambaza yote. Aliweka sharti moja tu, kwamba nisije nikamchora na huyo tajiri akiwa na uso.

Msibani sichori. Wala sichori ugonjwa wa jirani, wala ugomvi wa mume na mke ninaousikia kupitia ukuta, na nyumba ya kupanga ukuta wake unapitisha kila kitu. Ugomvi huo una sentensi tamu sana, Mungu anisamehe. Zinabaki kwenye masikio yangu. Kilichosemwa dukani, barabarani, kwenye gari, mwenyewe amekisema mbele za watu. Kilichosemwa ndani ya chumba cha mtu ni cha chumba hicho. Na mtoto wangu akishakuwa na umri wa kuniambia usinichore, nitaacha. Mkubwa ameshaanza kuinua kidole.

Zipo siku ambazo hakuna aliyesema kitu. Siku za kuhesabu mali dukani, kwa mfano, tunahesabu misumari kwa kilo na bomba kwa mita mpaka giza, na anayeongea anavuruga hesabu. Siku za homa. Siku ya mazishi ya mama mkubwa. Kwa siku za namna hiyo najiruhusu kisanduku kimoja badala ya vinne, na ndani yake naweka kitu kimoja, labda kikombe, tarehe pembeni. Siku niliyoikosa kabisa naiacha tupu. Kulipa madeni ya kurasa nilikujaribu nikaona kunaua hamu upesi kuliko uvivu wenyewe. Unakaa Jumapili na siku nne mgongoni, unatunga sentensi ambazo hakuna mtu aliyezisema, na kesho yake unalichukia daftari. Bora pengo. Umeme ukikatika naweka tochi ya simu upande wa kulia, kwa sababu ikiwa kushoto kivuli cha mkono kinaangukia pale pale peni ilipo. Hayo ni mambo madogo lakini ndiyo yanayoamua kama utachora au utalala.

Watu wananishauri niuze. Sijakataa, ila kwa sasa naweka ukurasa mmoja au miwili kwa wiki kwenye status, basi. Kuna kipindi nilikuwa naweka kila siku. Nikajikuta asubuhi nahesabu waliotazama, na jioni natafuta sentensi ya kuwafurahisha wao. Masikio yalikuwa yameshageuka upande mwingine.

Kitu ambacho sikukiwaza kabisa ni kwamba daftari litageuka kumbukumbu ya bei na mapatano. Nikifungua Desemba 2023, nauli ya daladala za safari fupi ilipotoka shilingi 500 ikawa 600, namkuta konda akimwambia abiria aliyenyoosha noti ya mia tano: "Hiyo ni ya mwezi uliopita mzee." Nikifungua miezi ya ujenzi wa njia ya mwendokasi kwenye Barabara ya Nyerere, vumbi limejaa kila kisanduku, na dereva mmoja anasema barabara ikikamilika tutakuwa tumeshazeeka kwa hiyo tutapanda bure. Bei za dukani nazo zimo, kwa sababu mteja akilalamika anataja na ya zamani. Bosi wangu, yule yule aliyedhani naandika madeni, siku hizi huniuliza lini tulipandisha mabati.

Na pale tunapoishi limekuwa hakimu. Tuko wapangaji watatu kwenye mita moja ya LUKU, tunanunua umeme kwa zamu, na zamu ndiyo chanzo cha nusu ya mikutano ya uani. Juzijuzi umeme ulikatika saa mbili usiku, uniti zimeisha, kila mtu anasema yeye ndiye aliyenunua mara ya mwisho. Mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Jirani wa chumba cha mbele akatulia, akasema, "Mchoraji, lete daftari."

Nikalileta, nikiwa na uhakika wangu. Tukapekua kwa tochi, vichwa vinne juu ya meza, mpaka tukafika ukurasa wa wiki mbili nyuma. Kisanduku cha nne, mke wangu, nywele zimesukwa vizuri, mkono kiunoni: "Wenzetu wamenunua juzi, zamu inayofuata ni yetu. Na usijifanye unachora."

Nilinunua umeme wa elfu kumi pale pale uani, kwa simu, huku wanacheka. Taa zilipowaka jirani alikuwa bado ameshika daftari, anafunua kurasa nyingine kujitafuta. Akamgeukia mke wangu: "Shemeji, huyu muache tu aendelee kuchora. Anatusaidia."

Nikaomba peni.